Mwanga, Mng'ao na Uangaziwaji: Uhakiki wa Istilahi za Upimaji wa Nuru

Msomaji anayesogeza kitabu mbali na kibatari hadi umbali uwe maradufu husema kwamba mwanga umepungua. Kifizikia, kauli hiyo ina ukweli nusu. Nuru inayoangukia ukurasa imeshuka hadi takribani robo, ilhali ukali wa nuru itokayo kwenye utambi haujabadilika. Ya kwanza hupimwa kwa luksi, wa pili kwa kandela. Neno mwanga limebebeshwa dhana zote mbili.

Dai lililozoeleka kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha halitoshelezi. Katika Kilatini, lux na lumen yalikuwa maneno ya kawaida ya nuru, na candela ulikuwa mshumaa tu. Mipaka yao ya leo iliwekwa kwa makubaliano ya wanasayansi. Dai hilo, basi, linachanganya uhaba wa maneno na uhaba wa makubaliano.

Kutohoa vizio si kosa, lakini hakukamilishi kazi: "luksi 300" hutaja kiasi bila kutaja ni kiasi cha nini. Hapa unyambulishaji una msaada. Kutokana na angaza hupatikana angazia, kisha angaziwa, na kauli ya kutendewa humweka mpokeaji wa nuru katika nafasi ya kiima. Kwa hiyo uangaziwaji unafaa kwa nuru inayofika juu ya uso wa kitu, na mng'ao kwa nuru inayotoka kwenye uso huo kuelekea jichoni. Ukuta mweupe na ubao mweusi vyaweza kuwa na uangaziwaji sawa, huku mng'ao wa ukuta ukiwa mkubwa zaidi.

Mpaka kati ya mwanga na mionzi unahitaji uangalifu zaidi. Pasi ya moto hutoa mionzi inayopimika kwa wati, lakini gizani haionekani. Lumeni hupima mionzi kwa mizani ya jicho la binadamu, mizani iliyosanifiwa kimataifa mwaka 1924: katika urefu wa wimbi wa nanomita 555, wati moja ni sawa na lumeni 683. Kuita vipimo vyote viwili "upimaji wa mwanga" ni kulifuta jicho katika dhana iliyojengwa juu yake.

Uangaziwaji ni neno refu, na huenda walimu wakalikwepa. Hata hivyo, urefu ni gharama ndogo kuliko ya mwanafunzi anayepata tarakimu sahihi asijue amepima taa, ukurasa au jicho.