Kigae Chenye Namba

Wengi waingiao Fort Jesus kule Mombasa huenda kuutazama ukubwa wake. Huzitazama kuta nene za mawe ya mwamba, mizinga, handaki, na yale maandishi ya Kireno juu ya lango, ambayo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira aliyaacha mwaka 1639 kujisifia miji ya pwani aliyoiadhibu. Ngome inastahili kutazamwa, hilo halina ubishi. Ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Milano, ikaanza kujengwa mwaka 1593, ikagombaniwa na Wareno, Waomani, ukoo wa Mazrui na ule wa Albusaidi, kisha Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Lakini ndani ya kuta hizo mna makumbusho ya historia ya pwani, na ndani ya makumbusho mna kabati za vigae: vipande vya vyungu, vya mitungi, vya mabakuli ya kauri, vingi havizidi upana wa kiganja. Mgeni huzipita haraka akitafuta mzinga mwingine. Ninachodai ni kwamba ufundi mkubwa kupita wote uliomo ngomeni umo katika kabati hizo, na mwenye ufundi huo ni yule aliyekiokota kigae, akakiosha, akakiandika namba na kukitunza. Mfinyanzi ana sifa zake, na mwashi ana zake. Huyu hajapata mtu wa kumsifu.

Kazi yenyewe ni ya mikono kabla ya kuwa ya vitabu. Shimo huchimbwa kwa mwiko na brashi, na udongo huondolewa tabaka kwa tabaka kwa kufuata rangi na ugumu wake: hapa sakafu ya chokaa, chini yake kifusi, chini yake majivu ya jiko. Udongo hupitishwa kwenye chekeche. Vigae vya kila tabaka hutiwa mfuko wao, na anayechanganya mifuko miwili ameharibu kitu kisichotengenezeka, ingawa vigae vyote vimo mikononi mwake na hakuna hata kimoja kilichovunjika upya. Baadaye vigae huoshwa, huanikwa kivulini, na mtu huketi navyo akiwa na kalamu ya ncha nyembamba. Upande wa ndani, pasipo nakshi, hupaka vanishi kidogo. Juu yake huandika kwa wino mweusi herufi na tarakimu za mahali, za shimo na za tabaka. Kisha hufunika kwa vanishi tena. Ile vanishi ya chini ina sababu yake. Ikitokea siku namba inatakiwa kuondolewa, iondoke bila wino kunywewa na udongo. Mwandiko uwe mdogo, usikichafue kigae, lakini usomeke na mtu ambaye bado hajazaliwa. Fikiria kuifanya kazi hiyo kwa maelfu ya vipande katika joto la Mombasa, huku ukijua kwamba jalada la kitabu litabeba jina la msimamizi wa uchimbaji, nalo lako, wewe kibarua uliyekuwa na jicho la kutambua sakafu kabla mwiko haujaitoboa, litakuwa na bahati likitajwa katika shukrani.

Kwa nini namba iwe na uzito wote huo? Chukua bakuli zima la Kichina, jeupe lenye maua ya buluu, lililonunuliwa kwa muuza vitu vya kale. Ni zuri na lina bei, ila kuhusu pwani ni bubu: labda liliingia Mombasa miaka mia nne iliyopita, labda lilikuja juzi ndani ya kontena. Kipande cha bakuli kama hilo kilichotoka chini ya sakafu inayojulikana ni shahidi. Huko Gedi, kusini ya Malindi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, kuna kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Peke yake kaburi hilo lingetwambia tarehe ya maiti mmoja. Lakini vigae vilivyofukiwa chini yake vilikuwa vimekwisha kufika pwani kabla ya mwaka huo, na vilivyolala juu vilikuja nyuma yake. Kwa kipimo hicho Kirkman aliweza kupanga umri wa nyumba na misikiti isiyo na maandishi yoyote. Hata majina aliyozipa nyumba za Gedi yalitokana na vitu vilivyookotwa humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Chuma. Lau mkasi ule ungeingia kabatini bila kuandikwa ulikotoka, leo tungekuwa na mkasi wenye kutu, na nyumba isiyo na jina.

Kirkman huyohuyo ndiye aliyeichimba Fort Jesus ilipoacha kuwa jela, kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Hapa pana kinaya kinachonivutia kuliko buruji zote nne. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1964, mtu huyu aliyeyaokoa magofu yetu alishikilia kwamba majengo ya kale ya pwani si ya Waafrika. Kwamba ni ya Waarabu na Waajemi walioshika utamaduni wa Kiarabu, ambao hata walipochanganya damu na wenyeji, utamaduni wao ulibaki mbali nao kabisa. Hakuwa peke yake, ndivyo wataalamu wengi wa zama zile walivyoamini. Basi msomaji mwenye hasira atasema, na ana haki ya kusema: makumbusho yaliyoanzishwa na mwenye fikra hizo, ndani ya ngome ya mvamizi, kwa pesa zilizotoka nchi ya mvamizi, yatatufundisha nini juu yetu ila dharau?

Jibu limo katika mifuko ya vigae. Kauri ya kigeni hung'aa na kupendeza, lakini katika machimbo ya pwani huwa ni sehemu ndogo tu. Kilichojaa ni udongo wa kawaida, vyungu vya kupikia vilivyofinyangwa na wenyeji, vyeusi kwa masizi. Mwinda hazina angevitupa. Kirkman hakuvitupa. Alivipanga kwa maumbo na kwa tabaka, akavichora na kuvichapisha, ingawa havikuwa vikiiunga mkono hadithi aliyoipenda. Na vyungu vya aina hiyo ndivyo vilivyokuja kuipindua. Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe mfululizo wa misikiti iliyotangulia, na ile ya mwanzo kabisa ilikuwa ya miti, ikiacha mashimo ya nguzo tu ardhini. Mji wa mawe ulikuwa umekua kutoka mji wa miti na udongo. Upande wa Tanzania, Felix Chami alifuatilia vigae vyenye pembetatu zilizochanjwa shingoni, mstari kando ya mstari, kabla chungu hakijachomwa. Vigae vya mtindo huo vimepatikana pwani na visiwani, navyo vimepatikana bara pia, katika vijiji vya wakulima na wafua chuma. Mfinyanzi wa mjini na mfinyanzi wa shamba walikuwa wakichanja pembetatu zilezile. Kisa cha watu wawili wasiojuana, mmoja mstaarabu wa pwani na mwingine mshenzi wa bara, kilikosa pa kusimama.

Sisemi kwamba shauri limekwisha. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani, ya Manda na Mtwapa miongoni mwa mengine, ukaonyesha mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000: asili ya Kiafrika ikipita zaidi kwa akina mama, na ya Kiajemi kwa akina baba. Kuna walioshangilia kana kwamba Kirkman amefufuka, na kuna waliokasirika. Wote wawili walikwenda mbio. Damu haisemi nani alijenga, nani alipika, wala watu walizungumza lugha gani jikoni. Hayo yataulizwa tena kwa vyungu, kwa mbegu zilizoungua, kwa mifupa ya samaki. Na huo ndio ubora wa ufundi ninaousifu. Mtunzaji mwema huhifadhi ushahidi kwa ajili ya mtu atakayembishia. Mshairi hutunga ili akubaliwe, wakili hupanga ushahidi ili ashinde. Mwandika namba humpa hasimu yake wa kesho silaha ikiwa imenolewa, bila hata kumjua.

Viko vitu ambavyo kuviokota ni nusu tu ya kazi, kwa kuwa hewa yenyewe ni adui wao. Mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome, frigeti ya Kireno Santo António de Tanná iliyoletwa kuisaidia ilizama chini ya kuta hizo. Ilikuwa imeundwa Bassein, India, mwaka 1681. Kati ya 1977 na 1980 Robin Piercy na wenzake, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Kenya, waliichimba chini ya maji. Mbao za merikebu waliziacha palepale wakazifunika mchanga, uamuzi wa busara ambao watu hudhani ni uvivu. Mti uliokaa baharini karne tatu umeliwa ndani. Umbo lake limeshikwa na maji tu. Utoe ukauke juani na utajikunja, upasuke, na katika siku chache uwe kuni mbovu. Sharti uloweshwe katika maji baridi, yabadilishwe na kubadilishwa hadi chumvi itoke, kisha ulishwe polepole nta inayoyeyuka majini mpaka nta ichukue nafasi ya maji. Kauri nayo ina maradhi yake: chumvi iliyojificha ndani hugeuka fuwele ikikauka, na fuwele huubandua mng'ao kama magamba. Fundi hujuaje kwamba chumvi imekwisha? Huchota maji ya mwisho ya kuloweka, hudondoshea tone la nitreti ya fedha, na kutazama. Yakifanya ukungu mweupe, bado. Anamwaga na kuanza tena. Kazi hii hupimwa kwa miezi na miaka, na siku ikifanywa vizuri mgeni haoni kilichofanyika. Anaona bakuli.

Pingamizi lenye nguvu zaidi halihusu Wareno. Linasema: nje ya lango, Mji wa Kale, wako wachonga milango na waashi wa chokaa ambao ujuzi wao unakufa, kuna zahanati zisizo na dawa, na nyinyi mwatumia fedha kuosha magae? Nakiri kwamba aliye hai hutangulia, na makumbusho yenye kumsahau mchongaji wa jirani yana kasoro. Lakini stadi hizi mbili si wake wenza. Ngome ile haiwezi kutibiwa kwa saruji, kwa maana saruji huziba unyevu na chumvi ndani ya jiwe la mwamba hadi jiwe likamomonyoka. Yahitaji chokaa, na chokaa yahitaji fundi wake. Ama kuhusu gharama, wino na mfuko ni rahisi. Ghali ni miaka ya kumfundisha mtu kuona tabaka. Na kuna jambo moja linaloitenga kazi hii na nyingine nyingi: mlango ukiharibika fundi huchonga mwingine, lakini msingi wa hoteli ukichimbwa kwa katapila juu ya mji wa kale, matabaka yaliyovurugwa hayarudi kwa fedha yoyote.

Lawama ninayoikubali bila masharti ni ya vibao. Kibao kinachosema tu kwamba hili ni bakuli, la Uchina, la karne ya 15, kimemnyima msomaji nusu bora ya habari: lilipatikana wapi, chini ya nini, pamoja na nini, na wataalamu wanabishana nini juu yake. Kauri ya kigeni huwekwa mbele kwa kuwa inapendeza, na chungu cha masizi husukumwa nyuma, ilhali ndicho chenye kesi. Ningekileta chungu mbele. Na chini ya kila kigae ningeweka kioo kidogo, mwanafunzi wa Kisauni au wa Likoni auone ule upande wa ndani na tarakimu zake, kando yake pawe na ramani ya shimo ilikotoka namba hiyo, imwezeshe kufuata mwenyewe, kigae kwa kigae, jinsi hoja inavyojengwa na mahali inapoweza kubomolewa.