Mguu wa Askari Haujaandikwa

Tuanze nyumbani kabla hatujawagusa wakubwa. Katika hadithi fupi ambazo vijana wa kikundi chetu tumesomeana Jumamosi za mwaka huu, tano zilikuwa za vita vya msituni. Nimezisikiliza zote, na moja niliiandika mwenyewe, kwa hiyo msiseme najitoa. Zote tano zinakwenda hivi: ukurasa wa kwanza askari wanaingia msituni, ukurasa wa pili risasi zinalia, ukurasa wa tatu mtu anakufa akitaja jina la mchumba wake. Jamani! Msitu huo tumeuona wapi? Tumeuona kwenye vibanda vya video, ambako Rambo anatembea dakika mbili na kupiga watu dakika themanini.

Hoja yangu leo ni fupi, na najua wengine mtanibishia. Mwandishi anayeandika vita vya msituni halafu akaruka kutembea, hajaviandika vita hivyo. Ameandika sinema. Na kwa kuruka kutembea ameruka pia swali gumu kuliko yote: nani alikuwa anatembea?

Mfano tunao hapa hapa jirani. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Mwanzoni mwa 1953 msitu wa Nyandarua, ambao Waingereza waliuita Aberdare, ulifanywa eneo marufuku, na aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Tangu hapo kazi kubwa ya jeshi ikawa doria ya miguu. Hebu ufikirie mlima wenyewe. Juu ya mashamba kuna msitu mnene. Juu ya msitu kuna ukanda wa mianzi. Juu ya mianzi kuna nyika ya baridi na ukungu, hadi kilele cha Satima, mita 4,001 kutoka usawa wa bahari. Ndani ya mianzi mtu haoni mbele. Wenye njia ni ndovu, nyati na faru, na binadamu wa upande wowote alipita njia za wanyama hao kwa hofu. Ndege za Lincoln zilipodondosha mabomu msituni, wanyama nao walijeruhiwa, wakawa wakali zaidi kwa kila mtu.

Mwanzoni mwa 1955 jeshi lilifanya operesheni kubwa iliyoitwa Hammer, yaani Nyundo. Maelfu ya askari walipangwa kuufagia mlima. Waliopatikana walikuwa wachache mno ukilinganisha na jasho lililomwagika, na baada ya hapo wakubwa wa jeshi wakazidi kutegemea makundi madogo: watu wachache, mfuata nyayo mbele, siku nyingi porini, kurudi mikono mitupu, kupumzika, kuingia tena. Hivyo ndivyo vita vilivyokuwa, ndugu msomaji. Siku nyingi za kutembea na kusubiri, halafu dakika chache za risasi. Hadithi zetu zimegeuza hesabu hiyo juu chini.

Sasa tuwaulize wakubwa waliandika nini.

Ian Henderson, ofisa wa polisi wa kikoloni, alitoa mwaka 1958, pamoja na Philip Goodhart, kitabu cha msako wa Dedan Kimathi, *The Hunt for Kimathi*. Tuseme kweli hata kama inauma: kama kazi ya kuandika msitu, kitabu hiki kina macho na pua. Henderson anajua kuwa harufu ya sabuni na sigara inamtangulia mzungu msituni, na kwamba watu walioishi miaka mitatu mle ndani wananusa na kusikia kama swala. Ila angalia kosa lake. Waliomfikisha karibu na Kimathi ni wapiganaji wa zamani waliogeuzwa. Wao ndio waliosoma nyayo, wao ndio waliolala kwenye baridi. Kitabuni wanakuwa kama mbwa hodari wa bwana mwindaji: wanasifiwa na kupigwapigwa mgongo, lakini hatuambiwi usiku walikuwa wanaota nini. Mtu aliyegeuka akamwinda kamanda wake, hakika ana riwaya nzima kifuani! Henderson ameipita riwaya hiyo kama anapita kichuguu. Frank Kitson naye, aliyeandika mwaka 1960 juu ya magenge bandia, ana ugonjwa uleule. Ufundi anao mwingi, ila mtu mweusi kwake ni chombo.

Ng'ambo ya pili tuna vitabu viwili ambavyo kila kijana anayetaka kuandika angevitafuta hata kwa kuazima. Kwanza ni *Mau Mau from Within* cha mwaka 1966, ambamo Karari Njama, mwalimu wa shule aliyekuwa karani wa Kimathi msituni, anasimulia pamoja na Donald Barnett. Cha pili ni *'Mau Mau' General* cha Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, cha mwaka 1967. Hapa msitu unageuka kabisa. Kwa askari wa doria msitu ni ukuta, kwa Njama ni nyumba, yenye jikoni, stoo, ofisi na ugomvi wa wenye nyumba. Ukisoma hapo ndipo unaelewa kutembea kuna maarifa: kuficha nyayo, kupita majini, kuacha alama kwa wenzako na kumdanganya adui. Na Itote ana jambo ambalo Henderson asingeweza kuwa nalo. Alikuwa askari wa KAR vita vya pili vya dunia, akapelekwa Burma. Msitu wa kwanza aliufundishwa na Mwingereza mwenyewe! Yaani walioingia Mlima Kenya kumtafuta walikuwa wanamtafuta mtu aliyepita shule yao.

Halafu yupo Meja Mwangi na riwaya yake *Carcase for Hounds* ya mwaka 1974. Hii naiweka juu kwa sababu moja. Mwangi amethubutu kukaa pande zote mbili. Kuna Jenerali Haraka, aliyewahi kuwa chifu, na kuna Kapteni Kingsley anayemwinda, watu waliojuana tangu kabla ya vita. Haraka anaoza na jeraha lake, Kingsley anaoza na amri za wakubwa wake, na msitu hauna habari na yeyote. Wanaomlaumu Mwangi kwamba hakupiga ngoma ya uzalendo vya kutosha, kwa maoni yangu hawakusoma vizuri. Uchovu ule ndio ukweli wenyewe.

Lakini hata kwa Mwangi, waulize askari weusi walio nyuma ya Kingsley: ninyi ni nani, mmetoka wapi, mshahara mnapeleka kwa nani? Hawajibu. Na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Kando ya vikosi vya Waingereza walikuwepo King's African Rifles, KAR yenyewe, na ndani ya KAR walikuwa vijana wa Kenya, wa Uganda na wa Tanganyika. Narudia: wa Tanganyika. Tunapoimba kwamba vita vile ni vya majirani, tunasahau kwamba buti nyingine zilitoka huku kwetu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alifariki mwaka 2009 nikiwa darasa la sita. Nyumbani ilijulikana tu kwamba "alikuwa jeshini Kenya", na picha yake ya kofia ilikaa ndani ya sanduku, haikutundikwa ukutani.

Jioni moja, baada ya shikamoo, nikamuuliza kama mtoto anavyouliza: "Babu, uliua watu wangapi?"

Akasema, "Kalete maji ninawe."

Nikaleta. Alipokwisha kunawa akasema, "Kazi ilikuwa ya miguu, mjukuu wangu. Tulikuwa tunatembea."

Akanieleza buti ambazo hazikauki wiki nzima, soksi inayotoka na ngozi ya kisigino, shanta inayokata bega, kulala ukiwa umeloa huku umekatazwa moto. Akanieleza kwamba kuna mtu mmoja aliyemfahamu kuliko watu wote wa kule, na hakuwahi kuuona uso wake. Alivaa makubazi ya tairi, na la kushoto lilikuwa na mkato kisiginoni. Doria yao ilifuata unyayo huo siku tisa. Siku nyingine waliukuta umejaa maji, siku nyingine ukiwa mpya kabisa. Babu akajifunza mtu yule anachoka saa ngapi, maana unyayo ulianza kuburura.

"Halafu?"

"Halafu mvua ikanyesha."

Basi. Huo ndio mwisho wa hadithi. Na nawaambia, hadithi hiyo isiyo na risasi hata moja inazipiga zetu tano zote kwa pamoja, ikiwemo ya kwangu. Ina msitu, ina muda, ina watu wawili wanaojuana bila kuonana. Sasa kwa nini mimi niliandika ya Rambo nikaiacha hii?

Kwa sababu ya aibu. Niliwahi kuigusia kikundini. Dada mmoja mwenzetu, ambaye mama yake ametoka Nyeri, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa upole tu: "Na kama nyayo zile zilikuwa za mjomba wa mama yangu?" Hakuna aliyecheka. Nilikunja karatasi, nikaandika Rambo.

Aibu hiyo ina sababu, wala sitaki kuifunika. Doria zile hazikuwa matembezi. Juni 1953, karibu na Chuka, askari wa kikosi cha 5 cha KAR waliwaua wanakijiji wapatao ishirini, na hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Kapteni wa kikosi hichohicho, Gerald Griffiths, alishtakiwa kwa mauaji mengine ya msituni, akaachiwa Novemba 1953, kisha Machi 1954 akafungwa miaka mitano kwa unyama dhidi ya mateka. Zilikuwepo doria zilizokata mikono ya maiti ili wakachukue alama za vidole. Maofisa walikuwa wazungu, lakini waliotembea nyuma yao wengi walikuwa weusi kama mimi. Babu hakuwa kikosi cha 5. Najua hilo, na najua pia kwamba halinijibu swali alilolikimbia kwa maji ya kunawa.

Ndiyo maana nasema kitabu hiki kinachokosekana ni kigumu, na ndiyo maana kinatufaa. Kuna njia mbili rahisi za kukiharibu. Ya kwanza ni kumsafisha askari: maskini, alitumwa, alikuwa na njaa, hakujua. Ya pili ni kumtukana: kibaraka, msaliti, mwisho wa habari. Zote mbili ni kuruka kutembea. Mwandishi aliye makini atamfuata askari huyu hatua kwa hatua, siku ya kwanza, ya nne, ya tisa, mpaka aone ni hatua ipi mtu anakoma kuuona unyayo kama wa binadamu, au anaanza kuuona hivyo. Hilo huwezi kulionyesha kwenye kurasa tatu zenye milio ya "pa! pa! pa!".

Kuna mtu ataniambia wazee wamekwisha, tutamuuliza nani? Kweli wengi wamekwisha. Lakini wako watoto wao, yako masanduku yenye picha zisizotundikwa, iko misemo iliyobaki nyumbani bila maelezo. Na viko vitabu nilivyovitaja, ambavyo kila kimoja ukikisoma na jicho la aliyetembea nyuma, kitakuonyesha shimo lilipo. Swahili yenyewe ilikuwa lugha ya KAR. Amri za doria zilitolewa kwa Kiswahili, na waliokuwa wakisakwa nao walikielewa. Hivi kweli kitabu cha askari yule kije kuandikwa kwa Kiingereza, na mtu wa mbali, wakati maneno yake yote tunayo sisi?

Hadithi yangu ya Rambo nimeichana. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nitasoma ya makubazi ya tairi, kurasa ishirini na mbili, na hakuna risasi. Yule dada nimemwomba akae mbele. Amesema atakuja, na amesema atauliza swali lake tena.