Kameo za Kombe: Fundi na Unene wa Tabaka

Kameo ni nakshi ya mwinuko inayochongwa kwenye kitu chenye matabaka ya rangi tofauti: umbo hutoka katika tabaka la juu, la chini huachwa liwe usuli. Wagiriki na Warumi wa kale walichonga akiki. Katika karne ya 19, Torre del Greco, mji wa wavuvi wa marijani karibu na Napoli, ulijipatia sifa kwa kameo za makombe ya konokono wa baharini, ambayo ni laini kuliko akiki na huchongeka kwa mkono. Shule ya ufundi huo ilianzishwa huko mwaka 1878.

Makombe mawili yalipendwa zaidi. Cassis madagascariensis, ambalo licha ya jina lake hutoka bahari ya Karibi, lina weupe juu ya kahawia iliyokoza. Cypraecassis rufa, linalopatikana Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki, lina weupe juu ya rangi ya machungwa.

Fundi alikata kipande mgongoni mwa kombe, akakichonga duaradufu na kukigandisha kwa utomvu wa moto kwenye kijiti cha kushikia. Gamba la nje lilisagwa mpaka weupe utokeze. Baada ya kuchora kwa penseli, alitumia bulino, kijipatasi cha chuma chenye mpini wa mbao, kuondoa weupe wote nje ya mstari. Bulino nyembamba zilifuata kwa macho, midomo na nywele.

Ustadi ulikuwa katika kupima unene. Weupe ulioachwa mnene hung'aa kama maziwa; uliokwanguliwa ukawa utando hupitisha rangi ya chini. Kwa hiyo kwenye kameo ya Bakante, mfuasi wa kike wa Bacchus, mungu wa divai, shavu na zabibu za nywelani mwake ziliachwa nene, huku shela ikikwanguliwa hadi ionekane kupitisha mwanga. Sehemu iliyochimbwa kupita kiasi haikurudishika, hivyo kazi ilianza kwenye vilele vya umbo na kuteremka polepole.

Mwisho kameo ilisuguliwa kwa mafuta na unga laini wa jiwe la volkano, ikaoshwa kwa sabuni, kisha sonara akaizungushia fremu ya dhahabu au fedha. Kameo halisi ya kombe huwa na mbonyeo kidogo mgongoni, na ikiinuliwa kwenye mwanga, kivuli cha umbo huonekana kwa nyuma. Ya plastiki iliyomiminwa haina alama za bulino, na mara nyingine huwa na viputo vya hewa.