Stelingi Hafi: Namna ya Kuipima Picha ya Shujaa

Kila aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua kanuni: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, na mwishoni atasimama. Katika picha za mashujaa wenye nguvu za ajabu kanuni hii imekaza zaidi, maana mara nyingi picha inayofuata imeshatangazwa kabla hujaimaliza hii unayoitazama. Kwa hiyo anayetaka kujua kama picha ya shujaa ni nzuri asipoteze muda kuuliza kama atashinda. Aulize ushindi huo unamgharimu nini.

Kipimo hiki nimekipata kwenye picha tatu za Spider-Man alizoongoza Sam Raimi, za mwaka 2002, 2004 na 2007, na ndizo nitakazozitumia hapa kama mizani. Zimepita mtihani wa muda, ambao picha nyingi za aina hii hushindwa. Mpango wa picha ya nne ulifutwa Januari 2010. Miaka miwili baadaye akaletwa mwigizaji mwingine, Andrew Garfield, kisha akaja Tom Holland. Hata hivyo, Desemba 2021, Tobey Maguire, Spider-Man wa Raimi, alipojitokeza tena katika Spider-Man: No Way Home, kumbi za sinema zililipuka kwa shangwe, na kati ya waliopiga kelele walikuwamo vijana ambao mwaka 2002 hawakuwa wamezaliwa. Kumbukumbu za utotoni peke yake haziwezi kueleza mapenzi ya namna hiyo. Kuna ufundi nyuma yake, na unaonekana kwa anayejua pa kutazama.

Anza na mfuko wa shujaa. Spider-Man 2 inafunguka na Peter Parker akipeleka pizza. Kijana anayepanda kuta za maghorofa anachelewa kufikisha oda na anafukuzwa kazi. Chuoni mwalimu wake, Dakta Connors, anamsema kwa kuchelewa vipindi. Jioni anafika kwa Anti May, shangazi aliyemlea, ambaye benki inakaribia kumnyang'anya nyumba, na mama huyo anamshikisha noti ya dola 20 ya siku yake ya kuzaliwa. Peter anasita. Anti May anapandisha sauti, machozi yakimlenga, anamlazimisha apokee, kisha anajuta kwa kufoka. Baadaye Peter ananyata kuingia chumba chake cha kupanga, mwenye nyumba anamdaka akidai kodi, na dola 20 alizonazo za kumvusha wiki zinaishia mkononi mwa mwenye nyumba.

Ifuatilie fedha hiyo unapoitazama picha. Hakuna aliyepigana wala kilicholipuka, lakini tayari umejua kila kitu anachokikosa kijana huyu kwa kukimbilia kuwaokoa wengine. Stan Lee na Steve Ditko walipomleta Spider-Man katika jarida la Amazing Fantasy toleo la 15, mwaka 1962, walimpa shida za mtu wa kawaida, na Raimi alikuwa mwaminifu kwa wazo hilo kuliko wengi waliomfuata. Picha dhaifu humsimamisha shujaa juu ya paa usiku, mvua ikinyesha, atuambie kwamba mzigo wake ni mzito. Picha imara haina haja ya maneno hayo, kwa sababu umeshamwona akishindwa kulipa kodi.

Sasa tazama mikono. Katika Spider-Man 2 hiyohiyo kuna sini ninayowaonyesha wote wanaodhani hizi ni hadithi za watoto. Peter na Anti May wamekaa mezani. Anko Ben, mume wa Anti May, alikwishauawa katika picha ya kwanza, na Peter amekaa na siri miaka miwili: mwizi aliyemuua Anko Ben alipita mbele yake, naye akamwacha aende zake kwa hasira ya kudhulumiwa fedha za mieleka. Sasa anaikiri. Anaweka mkono wake juu ya mkono wa Anti May. Mama anauvuta wake, anainuka, anapanda ngazi kwenda juu. Hamlaumu kwa neno hata moja. Rosemary Harris, mwigizaji aliyekomaa jukwaani kwa miongo mingi kabla ya kazi hii, anatuonyesha kwa ule mkono unaoondoka adhabu ambayo hakuna adui mwenye mikono ya chuma angeweza kuitoa.

Unapoipima picha yoyote ya shujaa, itafute sini ya namna hii: watu wawili, meza, hakuna mavazi ya kazi. Kama haipo, au ipo lakini imekatizwa haraka kwa mzaha ili mtazamaji asichoke, mwongozaji hakuwaamini watu wake. Na kama huwaamini watu wako, kuna faida gani kuliharibu jiji zima ili tuwahofie?

Kuhusu adui, kosa la kawaida ni kumpima kwa ukubwa wa kitisho chake. Adui bora ana maisha kabla ya uadui. Otto Octavius, adui wa Spider-Man 2 anayechezwa na Alfred Molina, tunakutana naye kwanza nyumbani kwake, akimkaribisha Peter chakula, mkewe Rosie akiwa pembeni yake, wakizungumza juu ya mapenzi na ushairi. Ni mwalimu ambaye Peter angetamani kuwa kama yeye. Jaribio lake la kisayansi linapoharibika na Rosie kufa, hasara tunaiona kwa macho yetu, na ile mikono minne ya chuma inayomnata mgongoni inakuwa kama washauri wabaya wanaomnong'oneza mfiwa. Mwishoni yeye mwenyewe anaizamisha mashine yake mtoni na kufa nayo.

Mikono hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Katika sini nyingi ilikuwa vikaragosi halisi, kila mmoja ukiendeshwa na watu kadhaa, na Molina aliipa majina kama wenzake wa kazini. Mmoja aliuita Flo. Panapohitajika mbio na kuruka, kompyuta ndiyo iliyofanya kazi. Picha hiyo ilipata Oscar ya athari za picha mwaka 2005, na siri ya ushindi ule ni mchanganyiko huo. Angalia macho ya Molina pale mkono unapomkaribia usoni: anatazama kitu kilichopo. Ukitaka kujua kama kompyuta imetumika kwa busara, achana na lile zimwi, mtazame mwigizaji aliye mbele yake. Macho yake yakielea hewani, kazi imeharibika.

Sini ya hospitali, Octavius akiwa amelazwa baada ya jaribio lile, ndiyo inayomtambulisha Raimi kwa jina. Huyu ni mtu aliyepata sifa kwa picha ya kutisha, The Evil Dead ya mwaka 1981, na madaktari wanapowasha msumeno ili waikate ile mikono, anarudi kwenye ufundi wake wa zamani. Mikono inaamka. Hakuna muziki. Kuna mayowe, vivuli ukutani, chuma kikigonga chuma, na kucha za muuguzi zikiparuza sakafu anapoburutwa. Aliyeiona kwa tafsiri ya DJ kwenye banda amepata utamu wake, na mafundi wale nawaheshimu sana, wamewafungulia wengi mlango wa sinema. Lakini sini hii imejengwa kwa sauti, na sauti ya msimuliaji ikipanda juu yake, inabomoka. Itafute tena yenye sauti yake ya asili.

Kasoro zipo, na mpenzi wa kweli hazifichi. Katika picha ya kwanza baadhi ya miruko kati ya maghorofa inamwonyesha Spider-Man akiwa mwepesi kupita kiasi, kama asiye na mifupa. Barakoa ya Green Goblin, adui wa picha hiyo, haisogei hata kidogo, na unapokuwa na Willem Dafoe, ambaye uso wake ni chombo cha kazi, kuufunika ni hasara. Linganisha mapigano yake akiwa ndani ya barakoa na ile sini anayozungumza na nafsi yake kwenye kioo nyumbani kwake. Kwenye kioo hakuna vazi wala kompyuta. Mtu mmoja anageuka wawili kwa shingo na sauti tu. Raimi mwenyewe nadhani aliuona ukweli huo, kwa maana katika picha zote tatu, mambo yanapofika ukingoni, barakoa ya Spider-Man inachanika au kuvuliwa. Anataka tuuone uso unaoumia. Picha yoyote inayomwacha shujaa wake amefunikwa kuanzia mwanzo wa pambano la mwisho hadi mwisho wake imejinyima silaha yake kubwa.

Katika picha hiyo ya kwanza kuna pia kile kituko cha kantini ya shule. Mary Jane, msichana ambaye Peter anampenda, anateleza, Peter anamdaka kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anadaka kwenye sinia vyakula vyote vilivyoruka. Maguire alikifanya kweli, sinia likiwa limegandishwa mkononi mwake, wakarudia na kurudia mpaka kila kitu kikatua mahali pake. Jicho la mtazamaji hutambua uzito wa kitu halisi hata kama hawezi kueleza anachokitambua.

Kwa mapigano nina jaribio jepesi: zima sauti. Ukiweza kusema nani yuko wapi, anataka nini na kitu gani kimebadilika tangu pigo lililotangulia, mwongozaji na mhariri wameifanya kazi yao. Lijaribu kwenye sini ya treni ya Spider-Man 2, ambayo sehemu yake ilirekodiwa kwenye reli ya juu ya Chicago. Octavius anavunja breki. Treni inaelekea mwisho wa reli. Peter, barakoa imemtoka, anajaribu kwanza kuisimamisha kwa miguu, na mbao za reli zinavunjika chini yake. Anajaribu tena kwa kurusha utando kwenye majengo ya pande zote mbili, mikono imetanuka, nguo inachanika kifuani. Treni inasimama ukingoni. Anazimia, na kabla hajaanguka abiria wanamshika, wanampitisha juu ya vichwa vyao na kumlaza sakafuni, na ndipo wanapogundua ni kijana mdogo. Sekunde zote hizo zinasomeka bila neno moja. Tena ona kwamba anashindwa kwanza. Nguvu isiyowahi kukosea haisisimui.

Abiria hao ni sehemu ya kipimo. Jiji la picha mbovu ni maghorofa ya kubomolewa. Jiji la Raimi lina watu. Wakati picha ya kwanza inaandaliwa, mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yaliifanya studio iiondoe trela iliyoonyesha helikopta imenaswa kwenye utando kati ya minara miwili. Kisha ikaingizwa sini ya wakazi wa New York wakiwa darajani, wakimrushia Green Goblin chochote walichonacho ili kumtetea Spider-Man. Katika treni wanafanya hivyohivyo: Octavius anaporudi, watu wasio na nguvu yoyote wanasimama mbele yake.

Ya tatu sasa. Spider-Man 3 iligharimu takriban dola milioni 258 na kuingiza karibu milioni 895 duniani, zaidi ya kila moja ya zile mbili zilizoitangulia, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Mapato hayapimi ubora, na mfano wa wazi ndio huu. Ina maadui watatu. Mmoja wao, Venom, aliingizwa kwa msukumo wa mtayarishaji Avi Arad, Raimi akiwa hana mapenzi naye, na inaonekana: anafika amechelewa, anaondoka hatujamfahamu. Ukiona maadui wanazidi wawili, angalia kama kila mmoja amepewa meza yake ya chakula, kama ile ya Octavius na Rosie. Harry Osborn, rafiki wa Peter aliyegeuka adui, anayo kwa sababu ameijenga kwa picha mbili. Venom hana.

Lakini humo ndani imo sini moja ambayo ningeilinda kwa meno. Flint Marko, adui wa tatu, amesambaratika kuwa mchanga. Chembe zinaanza kutambaa, zinajikusanya, umbo linainuka na kumeguka. Anakiona kile kidani chenye picha ya binti yake. Ananyoosha mkono kukichukua, na mkono unamomonyoka. Anakusanya nguvu upya, vidole vinarudi, anakishika, anasimama. Hakuna mazungumzo, na mwili mzima umetengenezwa kwa kompyuta, lakini kila chembe inafuata haja moja ya baba. Wanaosema kompyuta imeua sinema waitazame hii kwanza.

Mashabiki hufurahia pia kumtafuta Bruce Campbell, rafiki wa Raimi, anayepita katika kila moja ya picha tatu, na lile gari la zamani la Oldsmobile la mwongozaji mwenyewe, ambalo hapa ni la Anko Ben. Ni raha ya wanaojuana. Usiihesabu kama ubora. Picha mbovu nazo zimejaa vidokezo vya namna hiyo.

Kwa anayetaka kuzitazama upya, au kwa mara ya kwanza, azifuate kwa mpangilio wake, maana ile sini ya mezani haina uzito bila kifo cha Anko Ben. Hukumu yangu ni hii: ya 2004 ni bora kuliko picha yoyote ya shujaa niliyowahi kuiona, ya 2002 inaifuata licha ya barakoa ile, na ya 2007 itazame kwa ajili ya Marko na kidani chake.