Kobalti kwenye mkojo: hesabu inayofaa darasa la Shituru

Mwanafunzi wa biolojia na kemia anayesoma Shituru anaishi jirani na viwanda vya kampuni ya madini ya Gécamines, ambako shaba ilianza kusafishwa kwa umeme mwaka 1929. Shule nyingi hazina mashine ya kupima metali mwilini. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Katanga, eneo la Kongo ambamo Shituru imo, unaonyesha kuwa kazi kubwa ya sayansi ya tiba ni kupanga ulinganisho, na hilo linafundishika kwa ubao na chaki.

Mwaka 2009, jarida la Environmental Research lilichapisha kazi ya Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven na wenzao. Walichukua mkojo wa watu 351, karibu theluthi wakiwa chini ya miaka 14. Waliwagawa katika makundi: waishio chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda, wa kilomita 3 hadi 10, na wanavijiji wa mbali. Kundi la karibu lilikuwa na wastani wa kijiometri wa mikrogramu 15.7 za kobalti kwa gramu ya kreatinini.

Kwa nini kugawanya kwa kreatinini? Aliyekunywa maji mengi hukojoa mkojo mwepesi, ambamo kobalti na kreatinini zote hupungua kwa lita; kugawanya hufuta tofauti hiyo. Tuseme Juma ana mikrogramu 20 za kobalti na gramu 2 za kreatinini kwa lita: jibu ni mikrogramu 10 kwa gramu. Asha ana mikrogramu 10 za kobalti na nusu gramu ya kreatinini kwa lita: jibu ni mikrogramu 20 kwa gramu. Aliyeonekana nafuu ndiye aliyezidi.

Mwanafunzi makini atabisha. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mtoto ana misuli kidogo, na kigawanyo kidogo hukuza jibu. Basi watoto wakionekana kuwazidi watu wazima, je, ni kwa sababu ya vumbi au ya hesabu? Alinganishe mtoto wa karibu na mtoto wa mbali, kisha asome pia kipimo cha kwa lita.

Darasani, maji ya rangi yaliyozimuliwa kwa viwango tofauti yanatosha kwa zoezi hili. Hakuna haja ya mkojo wa mtu. Mwalimu asimpe alama mwanafunzi aliyeandika namba bila kizio, kigawanyo na kundi la kulinganisha. Aongeze swali la mwisho: kobalti ya mkojoni huonyesha zaidi iliyoingia mwilini siku za karibuni, basi inathibitisha ugonjwa? Haithibitishi, na mwanafunzi aeleze kwa nini.