Mizani ya Nasaha za Wodini

Hospitali iliyomweka muuguzi azungumze na wagonjwa juu ya unywaji wao, kisha baada ya mwaka ikawahesabu waliopunguza pombe na kuifurahia idadi yao, bado haijaipima huduma yake. Kwani mtu aliyelazwa kwa kuvunjika mguu au kutapika damu amekwisha kuonywa na maradhi yenyewe, na wengi wa namna hiyo hupunguza kunywa hata pasipo mtu wa kuwanasihi.

Ithibati ya jambo hilo ilipatikana Edinburgh, katika wodi za Royal Infirmary, ambako Jonathan Chick na wenzake waliwatambua wanaume 156 wenye matatizo ya pombe, wakawagawa makundi mawili: hawa wakapata mazungumzo ya mara moja na muuguzi, na wale wakapata matibabu ya kawaida tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1985 yalionyesha kwamba baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalisema yamepunguza pombe, ila hali ya walionasihiwa ilikuwa bora zaidi. Tafauti ile baina ya makundi ndiyo kazi ya muuguzi. Mengine yote ni kazi ya hofu, ya kitanda na ya wakati, na hospitali isiyokuwa na kundi la kulinganisha hujitwalia sifa yote, ya haki na isiyo ya haki.

Lakini kulinganisha peke yake hakutoshi, kama tunavyoona katika kazi ya Larry Gentilello katika hospitali ya Harborview, Seattle, iliyochapishwa mwaka 1999. Majeruhi 2,524 walichunguzwa, na 1,153 kati yao walikutwa na dalili za matatizo ya pombe. Katika hao, 366 wakapewa nasaha na 396 wakawekwa katika kundi la ulinganisho. Baada ya mwaka walionasihiwa walikuwa wamepunguza vinywaji 21.8 kwa juma, na wenzao 6.7. Natija hiyo ni njema, bali imetoka katika vinywa vya waliopatikana tu, na katika mwezi wa 12 waliopatikana walikuwa karibu nusu; nami sidhani kwamba waliopotea walikuwa ndio waliofanikiwa. Kwa hiyo nauona ubora wa uchunguzi ule katika jambo jingine, nalo ni kufungua daftari za hospitali kuangalia nani amerudi na jeraha jipya: marejeo yalipungua kwa asilimia 47, ijapokuwa kwa mizani ya hesabu upungufu huo haukufikia kiwango cha yakini, na watafiti hawakulificha hilo.

Huko Seattle faida kubwa zaidi ilionekana kwa wenye matatizo madogo na ya wastani. Na huko Boston, mwaka 2007, Richard Saitz na wenzake walipowajaribu wagonjwa 341 wa wodini, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kuwa watumwa wa pombe, mazungumzo ya mara moja hayakuleta tafauti.

Hapa kwetu, hospitali ya KCMC mjini Moshi imefanya jambo la kuheshimiwa: wauguzi wa idara ya dharura waliwapa majeruhi nasaha iitwayo Punguza Pombe Kwa Afya Yako, na katika jaribio lake baadhi yao walifuatwa na ujumbe mfupi wa simu, kisha wakapimwa kwa idadi ya siku walizokunywa kupita kiasi. Nausifu uchaguzi huo wa siku. Mtu aliyekuwa akipokezana kibuyu cha mbege na jirani zake tangu alasiri, utamtakaje akuhesabie glasi? Bali siku ataikumbuka, kwani ilikuwa ya gulio, au ya ubatizo, au ya msiba.

Na chombo cha kuwatenga wenye matatizo makubwa na wenye madogo kipo: dodoso la AUDIT, lililotengenezwa chini ya Shirika la Afya Duniani kwa uchunguzi wa nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, lina maswali 10, na alama 8 huhesabiwa kuwa mwanzo wa hatari. Ningeomba kila hospitali itakayoiga mfano wa Moshi iwaandike wenye alama 20 na zaidi katika safu yao peke yao, iwapeleke kwa daktari wa akili wangali wodini, na matokeo yao isiyachanganye na ya wale ambao mazungumzo ya nusu saa yanaweza kuwatosha.