Sifa ya Fundi wa Hewa

Injini ya petroli hutumia hewa nyingi kuliko mafuta: takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Toyota Mark X ya lita 2.5 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta karibu lita 7,500 za hewa katika dakika hiyo moja, kwa kuwa kila silinda hujaa mara moja katika mizunguko miwili. Hewa hiyo yote hupita njia moja: mdomo ulio nyuma ya grili, sanduku la chujio, sensa ya kupima hewa, bomba la mpira, mlango unaofunguka mguu unapokanyaga mafuta, kisha silinda sita. Kubadilisha mfumo wa kuingiza hewa ni kutoa sehemu ya njia hiyo iliyotengenezwa kiwandani na kuweka ya kampuni nyingine, kwa matumaini ya nguvu zaidi, sauti nzito zaidi, au vyote viwili. Katika kaunti za Migori na Homa Bay kazi hiyo ina ugumu wake wa kipekee, na fundi anayeiweza anastahili sifa zaidi ya anazopewa.

Gari la fahari huku kwa kawaida ni saluni iliyotumika kwanza Japani: Mark X, Crown, Mercedes-Benz za daraja la C na E, BMW za mfululizo wa 3. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopitisha miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto, na Japani ndiko soko linalokidhi masharti yote mawili kwa urahisi. Magari haya yana jambo moja ambalo muuzaji wa vifaa hapendi kulitaja: sanduku lao la kiwandani tayari ni zuri. Mdomo wake hunyonya hewa ya mbele ya radieta, ambayo haijapashwa na injini. Kifuniko chake hukaza pande zote. Na vile vyumba vitupu vilivyobandikwa kwenye bomba, ambavyo mtu asiyejua huvidhania ni plastiki ya bure, viliwekwa kunyamazisha mvumo. Anayetaka kulishinda sanduku hilo ameanza na mpinzani mgumu.

Vifaa vyenyewe ni vya aina chache. Cha bei nafuu ni chujio bapa la pamba au la nyuzi kavu, linaloingia katika sanduku lile lile la zamani. Kuna chujio la umbo la pia linalokaa wazi chini ya boneti, likiwa kwenye bomba fupi. Kuna bomba refu linaloshusha chujio hadi nyuma ya bampa kutafuta hewa baridi. Na kuna sanduku jipya lililofungwa, ambalo ndilo ghali zaidi. K&N, iliyoanzishwa California mwaka 1969, ndiyo iliyoeneza pamba yenye mafuta; Wajapani wana HKS na wenzake. Vingi hufika kusini mwa Nyanza kupitia Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na humo halisi na feki hulala kwenye rafu moja, boksi likifanana na boksi.

Jambo la kwanza la kupima ni kimo. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Migori uko juu kuliko ziwa. Hewa ya Homa Bay ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kwa kumi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani kwa nguvu, hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Hakuna bomba linaloweza kurudisha hewa ambayo haipo.

Vumbi ndilo kiini cha habari yote. Barabara ya A1 hushuka kutoka Ahero, ikapita Oyugis, Kisii, Rongo, Awendo na Migori hadi Isebania mpakani, na ni lami. Tawi la Rongo hadi Homa Bay ni lami pia, na vivyo hivyo njia ya Mbita inayovuka daraja kwenda Rusinga. Lakini ni nadra boma la mtu kuwa kando ya lami. Kila Ijumaa na Jumamosi misafara ya mazishi huiacha barabara kuu na kuingia vijijini Ndhiwa, Nyatike, Uriri au Karachuonyo, magari ishirini yakifuatana, na la nyuma huvuta kilichotimuliwa na kila lililotangulia. Saluni ya fahari hutunzwa wiki nzima kwenye lami, kisha siku moja hunywa vumbi la mwezi.

Vumbi lenyewe halifanani kila mahali. Nyatike, pande za Macalder na Osiri, dhahabu imo ndani ya mawe ya kwatzi, na vinu huyasaga mawe hayo mchana kutwa. Kwatzi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, zaidi ya chuma cha kisu cha kawaida. Chembe yake ikipenya hadi ukutani mwa silinda hukwaruza, na mikwaruzo ikizidi gari huanza kula mafuta ya injini na kutoa moshi wa buluu. Awendo, kwenye mashamba yanayolisha kiwanda cha sukari cha SONY, matrekta ya miwa hutimua udongo na makapi makavu, ambayo ni laini lakini huziba haraka. Ufukweni kuna mengine: mwezi uandamapo, wadudu wa ziwani huinuka kama moshi, na gari lililopita katikati yao usiku hukutwa asubuhi na matope ya mabawa juu ya chujio.

Vichujio hupimwa maabara kwa utaratibu uitwao ISO 5011, na vumbi linalotumika hutokana na mchanga wa jangwa la Arizona. Hupimwa mambo matatu: chujio huzuia hewa kwa kiasi gani, hukamata asilimia ngapi ya vumbi, na hubeba vumbi kiasi gani kabla ya kuziba. Mambo haya matatu ni nadra kupatana. Pamba yenye mafuta kwa kawaida huachia hewa kwa wepesi. Karatasi yenye mikunjo mingi huwa hodari wa kukamata. Muuzaji hutangaza lile la kwanza. Kwa mtu wa Migori lenye uzito ni la pili, na hapa hesabu ndogo husaidia: chujio linalokamata asilimia 97 linaonekana kukaribiana na linalokamata 99, lakini la kwanza huachia asilimia 3 na la pili 1, yaani injini hula vumbi mara tatu zaidi. Isitoshe, chujio la karatasi lililochafuka kidogo hukamata vizuri kuliko jipya, kwa sababu vumbi lililotangulia husaidia kuzuia linalofuata. Mazoea ya kulipuliza kwa mashine ya upepo kila gari linapofika kituo cha petroli ni ya hasara. Upepo mkali hutoboa karatasi matundu ambayo jicho haliyaoni, halafu chujio hurudishwa likiwa jeupe na la kupendeza, na halifai.

Chujio la wazi chini ya boneti lina kasoro nyingine. Gari likitambaa kwenye msongamano wa siku ya soko, hewa iliyo chini ya boneti hufika nyuzi 60 bila taabu wakati ya nje ni 30. Tofauti hiyo pekee huifanya hewa kuwa nyepesi kwa karibu asilimia 9. Kifaa kilichonunuliwa kuongeza nguvu hugeuka kikazipunguza, huku mngurumo wake mzito ukimdanganya dereva kuwa gari limechangamka. Bomba refu la nyuma ya bampa huepuka joto lakini hukaribia maji. Mto Kuja hufurika Nyatike ya chini mvua zinapokolea, na mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kumeza fukwe na njia za kandokando. Maji hayabanwi; pistoni ikiyakuta ndani ya silinda, mkono wake hupinda, na injini imekwisha.

Baada ya hayo yote kuna sensa. Waya mwembamba unaopashwa moto hupozwa na hewa inayopita, na kompyuta ya gari hukadiria uzito wa hewa kutokana na umeme unaohitajika kudumisha joto lake. Ukadiriaji huo ulifanywa kwa bomba la upana fulani. Upana ukiongezeka, kompyuta hudanganyika, mafuta hupungua, na kwenye injini ya V6 misimbo ya hitilafu P0171 na P0174 hutokea pamoja. Mafuta ya pamba iliyopakwa kupita kiasi huukalia waya huo na kuleta taabu ile ile.

Fundi hodari huonekana kabla boksi la kifaa chochote halijafunguliwa. Hulifungua kwanza sanduku la zamani, akatoa chujio, akapitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo upande wa injini. Kitambaa kikitoka na vumbi jekundu, mjadala wa kifaa kipya huahirishwa, kwa sababu ipo hewa inayopita bila kuchujwa. Mara nyingi kosa ni klipu iliyovunjika, au chujio feki lenye ukingo mwembamba. Hupaka grisi nyembamba kwenye ukingo wa sanduku, akalifunga, akalifungua, na kusoma alama iliyoachwa: pale grisi isipogusa, ndipo vumbi linapoingilia. Hakuna kifaa cha bei ghali katika kazi hiyo. Kuna mkono na macho.

Akikubali kuweka chujio la wazi, fundi wa jua kali huchora ngao ya joto kwanza kwa katoni, akiikata na kuijaribu hadi ikae kati ya taa, betri na ukingo wa boneti. Kisha huihamishia kwenye bamba la alumini, akaikunja kwa nyundo juu ya ubao, na kuuvisha ukingo mpira uliotolewa kwenye mlango wa gari bovu, ili boneti ikishuka iufinye na kufunga chumba. Ngao nzuri haipigi kelele barabarani. Mwishoni huwasha injini na kunyunyizia viungo vya bomba dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo; mngurumo ukibadilika, mwanya umepatikana. Hapo ndipo huunganisha mashine ya kupima na kusoma kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kwa kiasi gani, gari likiwa limesimama na likiwa mwendoni.

Cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, chenye daraja lake, huonyesha kwamba mtu anajua injini. Subira ya kurudia kukaza klampu hadi mara ya tatu haina mtihani. Wala hakuna chuo kinachofundisha namna ya kumwambia mteja mwenye heshima zake, ambaye fundi kijana humwita jaduong', yaani mzee, kwamba kifaa alichokwisha kulipia hakimfai. Wengi hufunga tu na kupokea pesa. Anayethubutu kusema, kwa upole na kitambaa chake chenye vumbi mkononi, amefanya sehemu ngumu zaidi ya kazi.

Sauti nayo ina sheria. Kanuni za kelele chini ya sheria ya mazingira, zilizotungwa mwaka 2009, hazimwachi dereva avume apendavyo, na askari wa barabarani hawahitaji mashine kulisikia gari.

Magari yenye tabo, kama Mercedes C 200 za 2010 kwenda mbele na BMW 328i za mwaka 2012, yana hesabu tofauti. Tabo hufidia sehemu kubwa ya wepesi wa hewa ya huku, na njia pana ya hewa huweza kuleta faida ya kweli ikiwa kompyuta imerekebishwa pia. Lakini gurudumu lake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na vumbi hulila kingo. Kwa magari hayo, sanduku lililofungwa lenye chujio kavu ndilo chaguo la busara. Kwa Mark X na Crown zisizo na tabo, sanduku la kiwandani libaki, chujio liwe la karatasi halisi, likaguliwe kila mafuta ya injini yanapobadilishwa, na libadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Bomba la kushuka nyuma ya bampa lisifungwe kwa gari lolote linaloteremka Nyatike wakati wa masika. Na mwenye gari anayetaka mabadiliko amlipe fundi ukaguzi kwanza, ndipo anunue kifaa.